Askari Aliyeandikwa na Kadhi

Mjini Wete, katika nyumba za zamani za Utaani, Kipangani au Bopwe, si ajabu mgeni akikaa kidogo kibarazani na kuuliza habari za wazee kuambiwa: "Babu yetu alikuwa Keya." Kahawa itamiminwa tena, kisha mazungumzo yatakwama papo hapo. Vita gani? "Vya Mjarumani." Wapi? "Huko bara." Alirudi? Hapo ndipo ndugu wa baba mmoja wanapoanza kubishana, mmoja akisema alirudi akafa kitandani pake, mwingine akiapa kwamba hata kaburi lake halijulikani.

Hao si waongo. Wameshika mwisho wa kamba ambayo mwanzo wake uko mbali.

Keya ni KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Kiafrika la Mwingereza lililoundwa mwaka 1902. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na ng'ambo ya maji alikuwapo Mjerumani. Tarehe 20 Septemba mwaka ule manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga Unguja mjini ikitengenezwa mashine, ikaipiga mizinga mpaka ikazama. Zanzibar ikawa na askari wake, Zanzibar African Rifles. Mwaka 1917 wakaunganishwa na askari waliokuwa Mafia, na humo kikazaliwa kikosi cha saba cha KAR. Na zaidi ya hao wenye bunduki walikuwapo wenye mizigo vichwani, wale wa Carrier Corps, ambao jina lao lilivunjwavunjwa na ndimi za watu mpaka likawa Kariakoo, na leo ni soko la Dar es Salaam linalojulikana na kila mfanyabiashara wa Pemba.

Sasa mjukuu wa Bopwe akitaka kumtafuta babu yake, kinachomjia kwanza ni jeshi. Askari si wa jeshi? Basi jeshi litakuwa na jina lake. Hapa ndipo wengi wanapopoteza miaka. Mabaharia wa Pegasus waliozikwa kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe, wana majina yao. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara damu kwenye njia ya kuelekea Rufiji alikuwa na namba. Wapagazi waliokufa katika vita vile vya Afrika Mashariki, kwa maradhi na njaa zaidi kuliko risasi, wanakadiriwa na wanahistoria kukaribia 100,000, na wengi mno kati yao hawakuandikiwa chochote juu ya ardhi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri jambo hili. Kwa hesabu yao wenyewe, watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na pale Nairobi, kwenye sanamu ya askari na mpagazi iliyosimamishwa baada ya vita, kuna maandishi ya Kiswahili yanayoahidi kwamba afaye akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Watoto wakabebeshwa kazi ambayo serikali iliyokuwa na karani, wino na karatasi haikuifanya.

Lakini Pemba lilikuwapo daftari jingine, na halikuwa la jeshi.

Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu duniani, na tangu hapo mkarafuu ukawa mali ya kila mtu, mkubwa na mdogo. Mpemba anaweza kumiliki miti bila kumiliki ardhi ilipoota. Anaweza kuwa na mikarafuu mitatu Mtambwe kwa upande wa mama, minane Gando aliyoinunua mwenyewe, na nusu ya mti wanaogombania na mjomba wake. Mtu wa namna hiyo akifa, hata kama alikuwa fukara wa nguo, ana mirathi. Na penye mirathi pana kadhi.

Kadhi hana haja na ushujaa wa mtu. Anachotaka ni hesabu itoke sawa mbele ya Mungu, na hesabu ya fardhi haitoki mpaka kila mrithi ajulikane: nani mke na nani mtalaka, mama yu hai au kafa, watoto wangapi, wa kiume wangapi, wa kike wangapi, na wa mama gani. Ofisa wa jeshi aliweza kumwandika mtu "Juma, mpagazi" akaendelea na wa pili. Kadhi hawezi. Akikosea mtu mmoja, mafungu yote yameharibika. Ndiyo maana karatasi ya mirathi ya shamba la Wete inaweza kumweleza askari kuliko kitabu kizima cha kikosi chake.

Tuseme marehemu kaacha mikarafuu 24, mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Deni limelipwa, wasia haukuzidi thuluthi, sanda imetolewa. Mke ana thumuni yake, miti mitatu. Imebaki 21. Kila mwanamume anapata mafungu mawili ya mwanamke, kwa hivyo kila mwana wa kiume anachukua miti sita na kila wa kike mitatu. Mti haukatwi, hakuna wa kulalamika. Ila mmoja wa wale wanaume wawili hayupo. Alichukuliwa mwaka 1917, barua haijaja, na mwenziwe aliyerudi anasema waliachana njiani.

Kwa sheria mtu huyo anaitwa mafkud, aliyepotea asijulikane yu hai au kafa. Hapo kadhi hamfuti. Fungu lake linawekwa kando kana kwamba yu hai, mpaka ushahidi wa kifo upatikane, au muda upite wa kutosha kwa kadhi kuhukumu kwamba kesha kufa. Miti yake sita itaandikwa, na atatajwa wa kuitunza, pengine ami yake, achume, aanike, atoe hesabu. Kila msimu makonyo yanapochambuliwa na pishi zinapopimwa, kuna pishi za mtu asiyekuwapo. Siku kadhi atakapohukumu kwamba amekufa, jina lake litaandikwa tena, safari hii akiwa yeye ndiye marehemu, na warithi wake wataorodheshwa: mke aliyemwacha, mtoto aliyezaliwa nyuma yake. Mjukuu anayeipata karatasi hiyo amepata vitu viwili ambavyo medali haina: mwaka ambao watu wa kwao walikata tamaa, na majina ya waliomngoja.

Majalada ya namna hii si njozi. Mwanahistoria Elisabeth McMahon, aliyeandika kitabu juu ya utumwa, ukombozi na maana ya heshima katika Pemba, kilichotoka mwaka 2013, aliegemea sana karatasi za mahakama na za mirathi za kisiwa hiki. Humo aliwakuta watu wasioonekana kwenye vitabu vya watawala: wanawake wenye miti michache, watumwa wa jana wenye nyumba ya makuti na madeni ya duka la Muhindi, vibarua waliotoka bara wakafia shambani. Orodha ya mali ya mtu huyo hujaa ukurasa mmoja tu: kitanda, majamvi, sufuria, jembe, kanzu mbili. Lakini juu ya orodha kuna jina, na chini yake kuna wanaodai.

Na hapa lazima liguswe jambo ambalo Wete wengi hawapendi kuliongea mbele ya mgeni. Wengi wa waliochukuliwa kubeba mizigo walikuwa watu wa chini, na mwaka 1917 ilikuwa imepita miaka ishirini tu tangu Sultani Hamoud atangaze, tarehe 6 Aprili 1897, kwamba mahakama hazitautambua tena utumwa. Uhuru haukushuka kwa kila mtu siku hiyo. Mtumwa alitakiwa ajitokeze adai, na hapa Pemba kazi hiyo ilisimamiwa na kamishna wa Kiingereza, padri J. P. Farler. Bwana alilipwa fidia, na kwa kuwa alilipwa, ikabidi iandikwe: bwana nani, mtumwa nani. Hilo nalo ni daftari la ukoo, kwa ubaya wake wote.

Majina ya watu hao huteleza mkononi kama kambare. Mtu aliyeandikwa kwa bwana wake, "Feruzi wa Fulani", anaweza miaka kumi baadaye kujiandika "Feruzi bin Juma", maana "wa" ilimwonyesha mali ya mtu na "bin" ilimwonyesha mwana wa mtu. Akichukuliwa vitani, karani asiyejua Kiswahili anamwandika anavyosikia. Mtu mmoja, majina matatu. Mirathi ndiyo humfichua, kwa sababu ya kitu kinachoitwa wala: mtumwa aliyeachwa huru akifa bila mrithi wa damu wa kuchukua kilichobaki, aliyemwacha huru au jamaa zake wanaweza kudai. Basi jamaa wa bwana wanakuja mbele ya kadhi, wanaeleza marehemu alikuwa nani, alinunuliwa na nani, aliachwa lini. Wanayasema hayo kwa kutaka mikarafuu minne. Mjukuu wa leo anayasoma kwa sababu nyingine kabisa, na huenda asifurahi. Kuna waliosafiri hadi Unguja kutafuta babu askari wakarudi na babu mtumwa, wakaikunja karatasi wasimwambie mtu. Si lazima wasimulie. Lakini mtafutaji ajue kabla ya kufungua jalada kwamba haliandikwi kwa matakwa ya wajukuu.

Wamarekani wana mazoea makubwa ya kazi hii. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865, bado vinatafutwa na watoto wa vitukuu kwenye maombi ya pensheni na majalada ya mirathi ya wilaya, na kwa waliotokana na watumwa jalada la bwana ndilo mara nyingi mlango pekee, maana jina la bibi yao limeandikwa kati ya nyumbu na majembe. Karatasi zile ziliishi sana. Bibi mmoja, Irene Triplett, alikuwa akipokea pensheni ya vita hivyo, dola 73 na senti 13 kwa mwezi, hadi alipofariki mwaka 2020. Baba yake, Mose Triplett, alikuwa askari wa Kusini, akatoroka, akajiunga na jeshi la Kaskazini. Ukoo ungeweza kumsimulia kwa upande wowote walioupenda, ila pensheni ya serikali kuu ililipwa kwa upande mmoja tu.

Kwetu pensheni ya namna hiyo haikuwapo. Mishahara ya wapagazi waliokufa, ambayo hakuna aliyekuja kuidai, ilizua mabishano ya miaka mingi kati ya Nairobi na London, na warithi hawakuiona. Aliyethubutu kudai aliacha alama. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, aliingia jeshi la Mjerumani angali mtoto, pamoja na baba yake. Vita vikaisha, mshahara haukulipwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akafunga safari hadi Berlin kuudai, wake na wa baba yake. Hakupewa. Akabaki huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu, akafundisha Kiswahili, akaonekana kwenye filamu, hadi Wanazi walipomkamata. Alikufa kambini Sachsenhausen mwezi Novemba 1944. Dai lake lilikataliwa, lakini lilijibiwa kwa barua, barua zikahifadhiwa, na ndizo zilizomwezesha mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst kuyaandika maisha yake. Maelfu waliokaa kimya majumbani mwao hawana jalada.

Turudi Wete, kwenye mitego. Mtafutaji akae akijua kwamba katika majalada ya Kiingereza ya zama hizo mji huu ni "Weti", na asipotafuta kwa herufi hiyo ataambiwa hakuna kitu. Karatasi za kadhi nyingi ni za Kiarabu, au za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka wake ni wa Hijria. Novemba 1918, mwezi ambao vita vilikwisha, unaangukia Safar ya 1337, kwa hivyo hati ya 1335, vita vingali vinaendelea, inayomtaja mwana "aliyesafiri" huenda haizungumzii biashara ya Mombasa. Fedha itakuwa rupia, kwani Zanzibar haikuingia kwenye shilingi hadi 1936. Wazee wa kusoma herufi hizo bado wapo, na si lazima awe shehe mkubwa, ila awe na macho mazuri na subira.

Mtego mkubwa kuliko yote unachekesha. Baada ya vita, pwani nzima iliingia wazimu wa beni, ngoma ya kupiga gwaride, yenye sare, tarumbeta na vyeo. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Katika beni kulikuwa na wafalme, majenerali na makepteni ambao hawajawahi kushika bunduki. Hivyo babu anayekumbukwa kwa jina la "Kepteni", na mwenye picha amevaa kofia na mkanda, huenda alikuwa kepteni wa ngoma. Nalo neno askari lilimhusu polisi, mlinzi wa forodha na mtu wa mudiri vilevile. Picha peke yake haitoshi.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Ardhi ikawa ya serikali, mashamba ya wakubwa yakachukuliwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu. Hati ya shamba, ambayo jana ilikuwa ngao, ikageuka kuwa ushahidi dhidi ya mwenye nayo. Wapo waliozichoma usiku, wapo waliozifukia, wapo walioondoka nazo kwenda Mombasa, Dubai au Maskati. Kwa hiyo leo karatasi ya shamba la Kizimbani inaweza kuwa ndani ya kasha la bibi anayeishi Oman, ambaye wajukuu zake hawajapata kuiona Wete. Simu moja ya kumjulia hali inaweza kuzaa zaidi ya mwezi mzima wa kupekua majalada.

Kwa zilizobaki nchini, njia zinajulikana. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, Unguja, na zina majalada ya mahakama, ya mashamba na ya utawala wa Pemba. Mtu aende na jina kamili, jina la baba, mtaa na jina la shamba, asiende na "babu alikuwa Keya" tu. Mahakama ya kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndizo za kuulizwa juu ya mirathi na wakfu za zamani. Mwisho kabisa, baada ya mirathi kutoa jina sahihi, ndipo mtu aende jeshini, atafute kwenye orodha za Tume ya Makaburi, ambazo siku hizi zinafunguka kwenye simu. Kazi ya kuwarudishia watu majina imeanza kuonekana: Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo, baada ya kukaa zaidi ya miaka mia bila ukumbusho. Majina yale yalitoka kwenye karatasi.

Basi msikilizaji wa Wete, wa Konde, wa Micheweni, kama kuna mkoba darini au bahasha iliyopigwa uzi chini ya godoro la bibi, usiikunjue kwa nguvu, karatasi ya zamani hukatikia kwenye mkunjo. Usiitie gundi wala usiibandike plastiki ya moto. Ipige picha mbele na nyuma, hata upande unaoonekana hauna kitu, maana mara nyingi mashahidi wamo huko. Kisha mwite ami yako, shangazi na wa upande wa mama, mkae pamoja asomewe kila mtu. Na mkikuta mahali miti sita imewekwa kwa mtu ambaye hakuna anayemjua, msiiruke mstari huo.